Mbwa Aliyeonwa na Wengi: Uchambuzi wa Kisa cha Mbwa Aliyepotea kati ya Lavington na Kawangware

Kisa hiki kilitokea mwanzoni mwa mwaka kati ya Lavington na Kawangware, mitaa miwili ya magharibi mwa Nairobi iliyokaribiana kiasi kwamba mtu anayefanya kazi katika mmoja na kulala katika mwingine huenda na kurudi kwa miguu. Mbwa jike aitwaye Popi alitoroka kwao usiku wa kuamkia Mwaka Mpya, akakaa nje siku kumi na moja, na katika muda huo wote hakuwahi kuwa mbali na lango lao kwa zaidi ya mwendo wa nusu saa. Aliyemtafuta alikuwa na gari, simu, picha na pesa za zawadi. Waliomwona walikuwa wengi. Hata hivyo aliyetafuta na walioona hawakukutana mpaka pale mtoto alipoumwa, na ni jambo hilo la mwisho linalokifanya kisa hiki kistahili kuchambuliwa kwa kirefu kuliko visa vingi vya mbwa waliopotea, ambavyo husimuliwa kwa machozi mwanzoni na picha ya kukumbatiana mwishoni bila kumfundisha msomaji chochote. Majina ya wahusika nimeyaacha kwa makusudi.

Usiku wa kesha

Popi alikuwa na umri wa miaka minne, mwenye rangi ya kahawia, kifua cheupe na kimo cha goti, mbwa wa kienyeji ambaye mwenye mbwa alipenda kusema kwamba ana damu kidogo ya kizungu. Kwenye karatasi alikuwa wa mama mwenye nyumba, mwalimu mstaafu. Kwa vitendo alikuwa wa msaidizi wa nyumbani, kwa kuwa ndiye aliyempikia, akamwogesha na kumfungulia asubuhi. Msaidizi huyo alikwenda mashambani siku chache kabla ya Krismasi, kama ilivyo desturi ya Nairobi mwezi wa Desemba, na mlinzi wa kawaida naye akachukua likizo, hivyo kampuni yake ikaleta mwingine wa kushikilia zamu. Ilipofika tarehe 31 mbwa alikuwa amebaki na watu aliowazoea nusu na mlinzi asiyemjua kabisa.

Familia ilitoka saa tatu usiku kwenda kanisani kwa kesha, ikarejea saa sita na nusu, fataki zikiwa bado zinalipuka kila upande. Mlinzi mgeni alifungua mabawa yote mawili ya lango na kuyaacha wazi mpaka gari lilipokwisha kuegeshwa. Hakuna aliyemwona Popi akitoka. Waligundua asubuhi, walipoona bakuli la jioni halijaguswa.

Hapa panahitaji kusimama kidogo, kwa sababu utafutaji mzima uliofuata ulijengwa juu ya dhana kwamba mbwa huyu ametoka kuzurura. Mbwa anayetoka kuzurura huwa na udadisi. Hunusa, husimama kwa watu, na mara nyingi hurudi mwenyewe njaa inapomshika. Mbwa aliyekimbizwa na kishindo yuko katika hali nyingine kabisa. Hukimbia kwanza bila kuchagua njia, kisha hutafuta mahali pa kujificha, hutembea zaidi usiku na alfajiri watu wanapopungua, na anaweza kumkimbia hata mtu aliyemlea, kwa maana katika hali hiyo kila kiumbe kinachomjia moja kwa moja ni tishio. Asiyejua hili hufanya lile linalomjia haraka, yaani kuita kwa sauti na kukimbilia, na kila afanyapo hivyo humsukuma mbwa mbali zaidi.

Matangazo na mahali yalipoishia

Kufikia adhuhuri ya tarehe 1 Januari, tangazo lilikuwa limeenea katika kundi la WhatsApp la wakazi wa barabara yao, kundi la wazazi wa shule ya wajukuu na kundi la kanisa. Lilikuwa limeandikwa kwa Kiingereza. Lilibeba picha ya Popi akiwa ametoka kuoga, amekaa juu ya zulia, shingoni ana kola nyekundu, na lilitaja kola hiyo kama alama ya kwanza ya kumtambua. Lilitaja pia kovu lake, tabia zake, jina lake na zawadi ya shilingi 20,000. Mama alikwenda kituo cha polisi akaandikisha tukio kwenye OB, yaani daftari la matukio la polisi, jambo ambalo watu wengi hulidharau lakini lina faida yake, kwa sababu mzozo wa umiliki ukizuka baadaye, nambari ya OB huonyesha nani alilalamika lini. Alikwenda pia kwa miguu yake mwenyewe katika makao ya KSPCA, shirika la kulinda wanyama lililoanzishwa mwaka 1910 na ambalo liko Lang'ata Road, Karen. Hilo nalo lilikuwa sahihi: anayepiga simu na kusema "mbwa wa kahawia" amewaeleza nusu ya mbwa waliomo humo.

Kwa hiyo si kweli kwamba mwenye mbwa alizembea. Alifanya karibu kila kitu ambacho mtu wa tabaka lake angeshauriwa kufanya, na ndani ya siku mbili tangazo lilikuwa limepita katika simu za mamia ya watu, ambao karibu wote walikuwa wanaishi nyuma ya lango lililofungwa na kusafiri kwa gari lenye vioo vilivyopandishwa. Watu hao hawamwoni mbwa aliyelala chini ya ua wa michongoma saa kumi na moja alfajiri. Wanaomwona ni mlinzi anayemaliza zamu, kijana wa mkokoteni anayekusanya taka, mama fua anayekwenda kazini kabla jua halijapanda, mtunza bustani, mwendesha bodaboda. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa katika kundi lolote kati ya yale matatu.

Badala yake tangazo liliwafikia matapeli. Siku ya tatu mtu alipiga simu akasema anaye Popi huko Kikuyu, akaeleza kola nyekundu, kovu na jinsi anavyopenda kulala chali, yote yakiwa yametoka kwenye tangazo lenyewe, kisha akaomba elfu mbili kwa M-Pesa za kukodi gari. Zilitumwa, na simu ikazimwa. Mtu mwenye uchungu hudanganyika upesi, na mimi simlaumu mama wa watu. Ninalolaumu ni desturi ya kutangaza kila kitu. Alama moja, tena ya mwilini, ingebaki siri ya nyumbani, tapeli yule angekwama kwenye swali la kwanza. Zawadi nayo ilipaswa kutajwa bila kiasi. Anayejua kwamba kuna 20,000 hamtafuti mbwa peke yake. Humkimbiza akiwa na wenzake na kamba.

Upande wa pili

Kutokana na mazungumzo na watu wa Kawangware, mwendo wa Popi unaweza kufuatwa bila shida, na hilo lenyewe ni ushahidi wa jinsi alivyoonekana. Alfajiri ya tarehe 1 mlinzi wa nyumba iliyo upande wa Gitanga Road unaoelekea Kawangware alimwona akipita ukingoni mwa ukuta, mkia umebanwa katikati ya miguu. Alidhani ni mbwa wa jirani, na hakuwa na namba ya jirani yeyote. Wakusanya taka walimkuta siku iliyofuata akipekua magunia, wakamtishia kwa mawe ya uongo na kweli. Siku ya tatu alikuwa amepata maskani nyuma ya safu ya vibanda vya mabati ambako kuna bucha, muuza mutura na mama mmoja wa chapati, na bila shaka ilikuwa harufu ya bucha iliyomvuta na ukuta wa nyuma uliompa mahali pa kujibana.

Siku hiyohiyo kola yake ilitoweka. Vijana walikuwa wamemnasa kwa muda kwa kipande cha utumbo, wakaikata kwa kisu na kumwachia. Kola nzuri huuzika. Haikuwa na kibati wala namba ya simu, ilikuwa pambo tu, kwa hiyo waliomvua hawakumnyang'anya kitu ambacho kingemrudisha kwao. Walichomwondolea ni hadhi. Mbwa mwenye kola katika mitaa yetu ni mali ya mtu, na mtu huenda akaja kuuliza. Mbwa asiye na kola ni koko, na koko hana wa kumuulizia. Isitoshe, tangazo lilipofika hatimaye kwenye simu ya mwendesha bodaboda mmoja, likiwa limetumwa na mteja wake, alilitazama, akamtazama mbwa aliyekuwa nyuma ya bucha, akaona hana kola nyekundu, akaendelea na safari zake. Picha ilikuwa ya mbwa msafi aliyenona juu ya zulia. Aliyekuwa mbele yake alikuwa na tope mpaka tumboni na mbavu zimeanza kuhesabika.

Mama wa chapati alikuwa wa kwanza kumpa chakula kwa kukusudia. Alimwekea mabaki ya chapati yaliyolowekwa katika supu ya maharagwe, mbali kidogo na kibanda, naye akarudi jikoni. Nilipomuuliza kwa nini hakumtafuta mwenye mbwa, alinijibu: "Mimi nilijua ametupwa. Watu wa huko juu wakihama si huwaacha tu?" Jibu hilo lina uzito kuliko linavyosikika. Sisi wapenda mbwa huamini kwamba kila anayemwona mbwa mpweke atajiuliza ni wa nani. Wengi hawajiulizi, wala si kwa sababu ya ukatili; wameona mbwa wengi wakiachwa, na hakuna aliyewahi kupita kibandani kwao akiuliza. Mtu akiona jambo mara nyingi bila kuona linavyoisha, hujitungia mwisho wake.

Mtoto aliyeumwa

Tarehe 6 Januari mtoto wa kike wa miaka saba alinyoosha mkono kuchukua mpira uliovingirika karibu na sahani ya mbwa, Popi akamdaka kiganja. Jeraha lilikuwa dogo, meno mawili, damu kidogo. Mama wa chapati alimkamata mtoto, akachukua mche wa sabuni na kuanza kuosha, na hapo ikaonekana ugumu ambao vipeperushi vya afya haviutaji: ushauri ni kuosha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na maji pale hununuliwa kwa mtungi wa lita 20. Walitoboa kifuniko cha chupa ya plastiki, mmoja akawa anaijaza kutoka kwenye mtungi na mwingine anaibinya juu ya kidonda. Mtungi mzima uliisha. Kisha mamake mtoto akaitwa, akampeleka hospitali, na huko akaanzishiwa chanjo.

Wakati huohuo wanaume walikuwa wamekusanyika nyuma ya vibanda. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Kichaa cha mbwa, dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mara huua, na karibu visa vyote vya binadamu duniani, asilimia 99 kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, hutokana na mbwa. Kenya imejiwekea mkakati wa kuondoa vifo hivyo kufikia mwaka 2030, ambao nguzo yake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa, lakini mtu aliyesimama mbele ya mbwa asiyejulikana hawezi kuisoma asilimia hiyo kwenye manyoya yake. Mwenye bucha alijitolea nyama ya kutilia sumu.

Aliyewazuia ni mamake mtoto. Hospitalini aliulizwa kama mbwa anajulikana na kama anaweza kuangaliwa, kwa sababu mbwa aliyeuma akiendelea kuwa hai na mzima kwa siku kumi, hakuwa akiambukiza siku alipouma. Chanjo ya mtoto haikungoja majibu hayo, na haipaswi kungoja. Lakini mbwa akiuawa na kutupwa, habari hiyo hupotea pamoja naye, na mzazi hubaki na wasiwasi ambao ungeweza kuondolewa. Yule mama alirudi na ujumbe wa wazi: mbwa asiuawe, asifukuzwe, na alishwe palepale ili asiondoke machoni. Mwenyekiti wa nyumba kumi alimuunga mkono. Kuanzia siku hiyo Popi alikuwa na walinzi, ingawa hakuna hata mmoja kati yao aliyempenda.

Mamake mtoto alikuwa mama fua, na siku zake za kazi zilikuwa Lavington. Alitaka kadi ya chanjo ya mbwa, na ili apate kadi ilimbidi ampate mwenye mbwa. Basi alipokuwa akienda kazini alisimama kwenye kila lango akiuliza mlinzi swali moja tu, kama kuna mtu aliyepoteza mbwa wa kahawia mwenye kifua cheupe. Katika lango la nne au la tano mlinzi alimwelekeza. Kampeni iliyopita katika simu za mamia ya watu haikumfikia Popi. Swali la mwanamke mmoja anayetembea kwa miguu lilimfikia mwenyewe katika muda wa asubuhi moja.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu mafunzo mengi ya jamii kuhusu mbwa waliopotea huanza na huruma, na huruma kwa mbwa haijagawanywa sawa mjini humu, wala hatuna haki ya kumdai mtu ambaye mtoto wake ameumwa awe nayo. Hofu ya kichaa imegawanywa sawa. Wanaharakati huiona kama adui wa kushindwa, ilhali katika kisa hiki ndiyo iliyomweka mbwa hai na ndiyo iliyomtafuta mwenyewe. Ujumbe unaosema "mbwa huyu huenda ana mwenyewe, na mwenyewe huenda ana kadi ya chanjo unayoihitaji" humgusa hata asiyewapenda mbwa.

Kumrudisha

Mkutano wa kwanza wa akina mama wawili langoni haukuwa mzuri. Mwenye mbwa alianza kwa kusema kwamba Popi haumi, kauli ambayo kila mwenye mbwa huitoa na ambayo haimsaidii aliyeumwa. Ilimchukua dakika chache kutambua kwamba aliyesimama mbele yake hakuja kudai fidia. Kadi ilipatikana kwenye droo: chanjo ilikuwa imetolewa mwezi Machi uliopita na ilikuwa bado haijaisha muda. Alilipia gharama za hospitali siku hiyohiyo.

Kisha akaharibu. Aliingia Kawangware kwa gari akiwa na watoto wake wawili na jirani, wakashuka na kuanza kuita "Popi! Popi!" kwa sauti, jina ambalo ukiliita katika mtaa wowote wa Nairobi hugeukiwa na zaidi ya mbwa mmoja. Waendesha bodaboda waliokwisha kusikia habari za zawadi walijiunga. Popi alipenya chini ya mabati, akaruka mtaro na kutoweka, na usiku ule mama wa chapati aliacha chakula ambacho hakikuliwa. Siku iliyofuata alirudi mahali pake, pengine kwa sababu hakuwa na kwingine alikokujua, lakini sasa hakusogea karibu na mtu yeyote.

Msaidizi wa nyumbani alirejea kutoka mashambani jioni ya tarehe 10. Alikwenda peke yake kesho yake saa kumi na mbili jioni, akiwa amevaa leso aliyoitumia kupikia, amebeba sufuria ya mbwa na mwiko. Alimsalimu mama wa chapati, akaomba kreti tupu ya mkate, akaiketisha chini kama hatua kumi kutoka kwenye mabati na kukaa juu yake kwa ubavu, uso ameuelekeza barabarani. Hakuita. Aligonga ukingo wa sufuria kwa mwiko mara tatu, kama alivyokuwa akifanya kila jioni kabla ya kumimina chakula, akaanza kurusha vipande vya omena vilivyokaangwa, kimoja mbali, kingine karibu zaidi, bila kugeuza kichwa. Mwenyekiti wa nyumba kumi alikuwa amewaomba watu wabaki upande wa mbele wa vibanda. Baada ya muda mrefu Popi alitoka akitambaa karibu tumbo lifike chini, akala, akarudi nyuma, akatoka tena, na hatimaye akaweka kidevu kwenye goti la yule dada. Hata hapo dada hakumkamata. Alimwacha alambe sufuria kwanza, kisha akapitisha kitanzi cha kamba polepole juu ya kichwa.

Kabla hajaondoka naye, mama wa chapati alimzuia. "Dada, kuna mwanaume alikuja juzi akasema ni wake, anamtaka wa kulinda stoo. Nilimuuliza alama akababaika. Wewe niambie alama." Ile ya kwenye tangazo isingetosha, kwa kuwa kila mtu alikuwa nayo. Msaidizi alijibu kwamba chini ya kwapa la mguu wa mbele wa kushoto pana mahali pasipoota manyoya, pa ukubwa wa sarafu, alipomwagikiwa na mafuta ya moto akiwa mtoto. Waliinua mguu wakapaona. Sijui ofisi ambayo ingemhoji vizuri zaidi.

Zawadi ilileta ugomvi, na ningekuwa nadanganya kama ningesema mambo yalikwisha kwa shangwe. Walioidai walikuwa watatu: mama wa chapati aliyemlisha, mamake mtoto aliyemtafuta mwenyewe, na mwendesha bodaboda mmoja aliyesema ndiye aliyemrudisha kutoka mtaroni, dai ambalo hakuna aliyelithibitisha. Mwenyekiti aligawa pesa sehemu mbili kwa wanawake wale, na mwendesha bodaboda akaondoka akilalamika. Tangazo lisilotaja kiasi lingepunguza makali ya jambo hili, ingawa huenda lisingeliondoa.

Chipu iliyokuwa kimya

Daktari wa mifugo alipompima Popi siku iliyofuata, alipitisha kifaa cha kusomea juu ya mabega na kikatoa mlio. Mbwa alikuwa na chipu tangu utotoni. Mwenyewe alikuwa amesahau. Chipu ni kidude cha ukubwa wa punje ya mchele kinachowekwa kwa sindano chini ya ngozi, hakina betri, na hakiwezi kumwonyesha mtu mbwa yuko wapi, jambo ambalo bado huwachanganya wengi. Kinachobeba ni nambari ya tarakimu 15 tu. Nambari ya Popi haikuwa imesajiliwa kwa jina wala simu ya mtu yeyote. Kwa maana hiyo, hata kama kijana mwema wa Kawangware angempeleka kwa daktari siku ya kwanza, wangeishia kwenye tarakimu.

Thamani ya chipu yenyewe haina ubishi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009, uliofanywa katika vituo 53 vya wanyama, ulionyesha kwamba mbwa waliookotwa wakiwa na chipu walirudishwa kwa wenyewe kwa asilimia 52, na mbwa waliookotwa kwa jumla kwa asilimia 22. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba pale mwenyewe alipokosekana licha ya chipu, kisababishi kikubwa kilikuwa namba ya simu iliyokosewa au kukatwa. Utafiti mwingine wa hukohuko wa mwaka 2012 uliwauliza watu waliowahi kupoteza wanyama na ukakuta kwamba asilimia 93 ya mbwa walipatikana, karibu nusu yao kwa kutafutwa katika ujirani na asilimia 6 tu kupitia vituo vya wanyama. Kawangware si Marekani, na sitaki takwimu hizo zichukuliwe kama kipimo cha Nairobi. Lakini mwelekeo wake unaafikiana na kisa chetu: mbwa yuko karibu, na anayempata ni jirani.

Ndiyo maana naiona kola yenye namba ya simu kuwa na kazi kubwa zaidi hapa kwetu kuliko chipu, kwa kuwa husomwa na yeyote bila kifaa. Mafundi wa mihuri na funguo huchonga kibati, na aliyekosa hata hicho anaweza kuandika namba ndani ya kola kwa wino usiofutika. Vijana wangeikata bado, pengine. Lakini wangejua pia namba ya kupiga. Serikali ya kaunti nayo ina nafasi yake. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inazikabidhi kaunti udhibiti na ustawi wa wanyama na inataja kwa jina utoaji wa leseni za mbwa. Leseni inayochukuliwa kama ushuru tu ni karatasi. Leseni inayofungamanishwa na namba ya simu ya mwenyewe na rekodi ya chanjo ingekuwa daftari ambalo mamake mtoto alilihitaji asubuhi ile badala ya kubisha lango baada ya lango.

Tangazo lilivyoandikwa upya

Wakazi wa barabara ile waliketi baadaye, wakawaalika mwenyekiti wa nyumba kumi, mama fua na mama wa chapati, wakaandika tangazo jipya la kutumiwa mbwa mwingine akipotea. Lilikuwa fupi: "Mbwa amepotea. Jike, kahawia, kifua cheupe, kimo cha goti. Ni mwoga. Usimkimbize, usimwite, usimrushie kitu. Ukimwona, tupigie useme yuko wapi, hata usiku. Kama huna salio, piga ukate, tutakupigia. Amechanjwa. Akikuuma, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, nenda hospitali, kisha utupigie tukuletee kadi yake. Shukrani itatolewa." Halina jina la mbwa, halina kola, halina kiasi cha pesa. Picha inayowekwa ni ya mbwa amesimama kwa ubavu, jinsi mpita njia anavyomwona.

Palizuka ubishi kuhusu mahali pa kulibandika. Wakazi walitaka kwenye milango yao. Mama fua alicheka, akasema hakuna anayesimama kusoma mlangoni kwa mtu tajiri, mlinzi atamfukuza. Alitaja mahali pengine: kibanda cha kuuza maji, steji ya bodaboda, bucha, mlango wa posho mill, na kwa mama wa chapati, ambako watu husimama wakingoja na macho yao hayana kazi. Alitaka pia kila mlinzi anayeingia zamu, hata wa siku moja, aonyeshwe mbwa wa nyumba na wa majirani wawili na apewe namba zao. Hilo la mwisho lilikubaliwa bila mjadala, kwa kuwa halikuwa na gharama.

Waliongeza sharti moja ambalo sijaliona kwingine: aliyebandika tangazo ndiye atakayelibandua ndani ya siku mbili baada ya mbwa kupatikana, na atapita kila kibanda kuwaambia wenye vibanda kwamba amepatikana na alipatikana vipi. Mama wa chapati ndiye aliyelishikilia. Alisema karatasi za mbwa waliokwisha kurudi nyumbani zikibaki ukutani miezi mitatu, watu huacha kuzitazama, na karatasi mpya haitasomwa na mtu.